Darubini kwa bajeti ya kawaida: tazama kioo kabla ya jina

Mtu akiamua kununua darubini ya macho mawili, swali la kwanza huwa ni kampuni. Nikon au Bushnell? Vortex au Celestron? Si swali baya, ila kwa mwenye shilingi 15,000 hadi 40,000 mkononi ndilo linalompoteza zaidi. Kwa bei hiyo, kampuni moja huuza darubini ya kuaminika na darubini ya kujutia, zote zikiwa na nembo ileile. Nikon ya ngazi ya chini si ndugu wa Nikon ya shilingi laki moja. Anayenunua nembo peke yake ananunua sifa zilizopatikana kwa bidhaa nyingine.

Jambo la pili linalotuchanganya ni kwamba sifa nyingi tunazosoma kuhusu kampuni hizi zimeandikwa na wawindaji wa Marekani. Leupold, Vortex na Bushnell zinajulikana sana huko kwa darubini za kufungwa juu ya bunduki. Hizo hupimwa kwa vigezo vyake: je, inahimili kishindo cha risasi? Je, shabaha haihami baada ya kupigwa mara nyingi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo huku kwetu tumebaki na darubini za mkononi: za watembeza watalii wanaokwenda Tsavo, manahodha wa Wasini, watazama ndege wa Mida Creek, na watu wa kawaida wanaopenda kujua ni meli gani ile inayoingia Kilindini. Kwa watu hawa kishindo cha bunduki si hoja. Adui wetu ni hewa ya bahari.

Kwa hiyo naanza na kitu ambacho sehemu nyingine kingewekwa mwisho: maji yasiingie.

Mombasa ina joto, unyevu na chumvi mwaka mzima. Darubini isiyozibwa vizuri huvuta hewa hiyo ndani, na ndani ya darubini ni giza. Joto, unyevu na giza ndiyo maskani ya kuvu. Kuvu huota juu ya lenzi na prizimu (vioo vya ndani vinavyogeuza taswira) kama nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, na ikikaa muda mrefu hula ule utando uliopakwa kwenye kioo. Hapo hata fundi akiisafisha, alama hubaki. Darubini iliyotengenezwa kustahimili hali hii huwa na pete za mpira kwenye maungio, na hewa ya ndani huondolewa kiwandani na nafasi yake ikajazwa gesi kavu, kwa kawaida nitrojeni, mara nyingine agoni. Hakuna unyevu ndani, basi hakuna ukungu wa ndani. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi pale Nyali ukaingia joto la nje, lenzi zitafunga ukungu kwa nje, na hilo ni la kawaida. Ukungu huo huondoka wenyewe baada ya dakika chache. Ukungu wa ndani ndio wa kuogopa.

Soma sanduku kwa makini hapa, maana kuna maneno yanayofanana. Kustahimili manyunyu si sawa na kutoingiza maji. Kiwango cha IPX7 maana yake kifaa kinaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika. Kiwango cha IPX4 ni cha kurushiwa maji tu. Mfano mzuri uko ndani ya kampuni moja: Nikon Aculon A211 ina taswira nzuri sana kwa bei yake, lakini haikuzibwa dhidi ya maji. Nikon Action EX ina umbo linalofanana nayo, ila imezibwa na kujazwa nitrojeni. Mtu wa Nairobi anaweza kukaa na Aculon miaka mingi bila tatizo. Mtu wa Likoni ningemshauri aongeze pesa achukue Action EX, na kama hana budi kuchukua Aculon, ajue kwamba amejitwika kazi ya kuitunza kavu kila siku.

Namba mbili na uongo wake

Kila darubini huandikwa namba mbili, kama 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye umbali wa mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga.

Wengi hukimbilia namba kubwa ya kwanza, na hapo ndipo wafanyabiashara wa barabarani huvuna. Utaoneshwa darubini ndogo ya kukunja, inayoingia mfukoni, imeandikwa 30x60 na maneno ya kudai kwamba inaona usiku. “Kaka, chukua hii, ukiwa hapa waona mpaka Likoni,” utaambiwa. Usibishane naye. Toa rula uweke juu ya lenzi ya mbele. Kama kweli ni 60, kioo hicho lazima kiwe na upana wa sentimita 6, na darubini yenye vioo viwili vya sentimita 6 haiingii mfukoni mwa mtu. Mara nyingi utakuta kioo hakifiki hata sentimita 3. Basi namba ya pili ni ya uongo.

Ya kwanza nayo ina kipimo chake. Shika darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ielekeze kwenye ukuta mweupe au anga jeupe (kamwe si kwenye jua), kisha tazama lenzi za upande wa macho. Utaona viduara viwili vya mwanga. Pima upana wa kimoja kwa rula. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa upana wa kiduara hicho, jibu ndilo ukuzaji halisi. Lenzi ya milimita 28 yenye kiduara cha milimita 3.5 inakuza mara 8, hata kama ubavuni imeandikwa 30. Na ungali umeishika hivyo, angalia umbo la kiduara. Kikiwa cha mviringo kamili na angavu hadi ukingoni, prizimu za ndani ni za kioo kizuri, kile kinachoitwa BaK-4. Kikionekana kimekatwa pembeni, kama mraba wenye kivuli, ni dalili ya prizimu za kioo cha bei ya chini zaidi, BK7, au zilizo ndogo kuliko inavyotakiwa.

Kiduara hicho ni muhimu zaidi ya kufichua uongo. Ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Mchana mkali mboni ya jicho hujifunga hadi milimita 2 au 3. Giza likiingia, mboni ya kijana hufunguka mpaka karibu 7, na kadiri umri unavyosonga haifiki tena huko. Darubini ya 10x25 inatoa mwanga wa milimita 2.5: saa sita mchana ufukweni Bamburi huoni upungufu wowote, lakini saa kumi na mbili unusu jioni taswira inakuwa nzito na ya kijivu. Ya 8x42 inatoa milimita 5.25. Ya 10x42 inatoa 4.2. Ya 7x50, ambayo ndiyo iliyozoeleka vyomboni, inatoa takriban 7.

Ukuzaji mkubwa una gharama nyingine mbili. Mkono wa binadamu hutetemeka, na darubini hukuza mtetemo huo pamoja na ndege. Wengi wetu tunaweza kutuliza mara 8; mara 10 inahitaji mkono uliozoea au mahali pa kuegemea; juu ya hapo bila mguu wa kusimamishia ni bure. Pili, uwanja wa kuona hupungua. Darubini ya 8x42 ya kawaida huonesha upana wa mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000; ya 10x42 huonesha kama mita 100 hadi 115. Ukiwa ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambapo ndege haonekani ila kwa sekunde mbili kati ya majani, hizo mita zilizopungua ndizo alizopitia.

Ndiyo maana nikiulizwa bila maelezo zaidi nasema 8x42. Kwa anayekaa kwenye gari Tsavo Mashariki na kuegemea dirishani, 10x42 inafaa. Kwa anayepanda mashua kwenda Kisite kutafuta pomboo, au anayesubiri nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu hasa kati ya Julai na Septemba, mashua inacheza na 7x50 itamfaa kuliko yoyote, ingawa ni nzito shingoni.

Na kuna matumizi ya kwetu hasa ambayo wauzaji wa ng’ambo hawayataji: kutafuta mwezi mwandamo. Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu hupanda juu ya maghorofa na kukodolea macho magharibi, upande wa Changamwe na Miritini. Hilali ni uzi mwembamba juu ya anga ambalo bado lina mwanga, kwa hiyo linalotakiwa ni uwanja mpana wa kuona, wa kupitisha upeo wa magharibi taratibu bila kuruka sehemu, na vioo visivyomwaga mwanga ovyo ndani. 7x50 au 8x42 hufanya kazi hii vizuri kuliko 20x50. Iwapo mwezi ulioonekana kwa darubini unatosha kisheria ni suala la masheikh. La kwangu ni moja, na nalisema kwa uzito wote: usiinue darubini kuelekea magharibi mpaka jua limezama lote. Jua likipita kwenye lenzi hizo kwa nukta moja tu linaweza kuunguza jicho milele, na jicho lenyewe halitahisi maumivu wakati linaungua. Watoto wanaoomba “na mimi nione” wasimamiwe.

Pesa inakokwenda

Sasa tuje kwenye kioo, maana hapa ndipo darubini mbili zenye namba ileile ya 8x42 zinapotofautiana bei mara kumi.

Kioo kitupu kisichopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au kutoka. Ndani ya kila bomba la darubini kunaweza kuwa na nyuso kumi za namna hiyo au zaidi. Piga hesabu: nyuso kumi zikipoteza asilimia 4 kila moja, thuluthi ya mwanga imekwenda, na sehemu yake inazunguka ndani na kuchafua taswira. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alipata njia ya kupaka utando mwembamba sana unaopunguza kurudi huko. Leo, nyuso zilizopakwa tabaka kadhaa hupoteza chini ya nusu asilimia, na hesabu ileile inakuachia asilimia 95. Kwenye sanduku utakuta madaraja: kioo kimepakwa, maana yake baadhi ya nyuso tu na tabaka moja, nyuso zote zimepakwa tabaka moja, baadhi zimepakwa tabaka nyingi, na la juu kabisa, nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi (fully multi-coated). Tafuta hilo la mwisho. Lipo hata kwenye darubini za shilingi 15,000, kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali pungufu. Lenzi za mbele zinazong’aa nyekundu kama rubi, zile zinazopendwa sana sokoni, ziache. Rangi hiyo ni mwanga mwekundu unaotupwa nje badala ya kukufikia, na utakachokiona kitakuwa na ukijani.

Kisha kuna prizimu, vile vioo vya ndani vinavyoigeuza taswira ikae wima. Aina ya zamani ni ya Ignazio Porro, Mtaliano aliyeisajili mwaka 1854. Zeiss walianza kuuza darubini za namna hiyo mwaka 1894. Hizi ndizo zenye mabega mapana. Aina ya pili ni prizimu za paa, zenye mabomba yaliyonyooka, nyembamba na rahisi kuziba maji. Prizimu ya paa ina kasoro ya kuzaliwa nayo: huugawa mwanga pande mbili kisha kuuunganisha ukiwa umepishana kidogo, na ukali wa taswira hupungua. Dawa yake, utando wa kurekebisha fezi, yaani kupishana huko kwa mwanga (phase coating), ililetwa na Zeiss mwaka 1988 kwenye darubini za bei kubwa, na sasa imeshuka hadi kwenye zile zisizofika dola 200. Kama darubini ya prizimu za paa haitaji utando huo popote katika maelezo yake, chukulia kwamba haina. Prizimu za Porro haziuhitaji kabisa, ndiyo maana kwa pesa kidogo sana Porro humshinda mwenzake kwa ukali wa taswira. Wengi huzidharau kwa sababu zinaonekana za kizamani. Mimi naziheshimu.

Juu ya hapo kuna kioo cha ED, kinachozuia rangi zisitawanyike. Ukitaka kujua faida yake, tafuta kunguru aliyetua kwenye waya wa umeme, anga likiwa jeupe nyuma yake. Mombasa huyo hakosekani. Kwenye kioo cha kawaida mgongo wake mweusi utakuwa na ukingo wa zambarau. Kwenye ED ukingo huo hufifia sana. Ni raha ya macho, lakini si lazima, na ningeiweka baada ya kuziba maji, utando wa nyuso na fezi.

Basi kampuni hazina maana?

Zina maana, ila baada ya hayo. Viwanda vya Kunming, mkoani Yunnan, Uchina, hutengeneza darubini zinazouzwa kwa majina mengi, na kampuni ya Kijapani ya Kamakura Koki imetengenezea wengine kwa miaka mingi. Majina mawili yanayoshindana dukani yanaweza kuwa yametoka chini ya paa moja. Kwa hiyo fuata ngazi ndani ya kila jina. Nikon wana Prostaff P3, kisha P7, kisha Monarch M5 na M7. ED inaanzia M5. Vortex wana Crossfire HD, kisha Diamondback HD. Celestron wana Nature DX na juu yake Nature DX ED. Bushnell ndio wenye tofauti kubwa kuliko wote: Powerview na Forge zina jina moja na hazina kingine kinacholingana.

Kwa bei za ng’ambo, Prostaff P3, Nature DX na Crossfire HD za 8x42 huzunguka kwenye dola 150 hivi, na Diamondback HD na Monarch M5 ziko kati ya 200 na 300. Ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 16. Ngazi hiyo ya pili ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kubwa kwa pesa yake. Ukivuka hapo unalipa sana kupata kidogo, mpaka ufike kwa Swarovski NL Pure inayopita dola 3,000. Ile ni bora kweli, lakini si bora mara kumi na mbili.

Jina lina uzito wake halisi kwenye waranti. Vortex hutengeneza au kubadilisha darubini iliyoharibika hata kwa kuangushwa, maisha yote, bila kudai risiti na bila kujali mwenye nayo ni wa ngapi. Ni ahadi kubwa, hasa kwa aliyenunua mkononi kwa mtalii. Lakini kabla hujailipia, uliza itatumwa wapi na nauli ya kuituma ni ya nani, maana makao yao ni Barneveld, Wisconsin. Waranti ya miaka miwili ya duka la Moi Avenue ambalo litakuwa pale kesho inaweza kukufaa zaidi. Tahadhari pia na jina la kweli juu ya bidhaa bandia: kabla ya kulipa, tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya kampuni, na kama hawajawahi kuitengeneza, ondoka.

Ukiwa dukani, omba kutoka nayo mlangoni. Funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione herufi za kibao cha duka la mbali kwa ukali. Sasa funika ya kushoto, na uzungushe pete ya jicho la kulia peke yake. Darubini nyingi nzuri hulaumiwa kwa sababu mwenyewe hakufanya hivi. Kisha tazama mstari ulionyooka, kama ukingo wa paa, na usogeze darubini mbali na macho polepole. Mstari ukigawanyika mara mbili, mabomba hayakulingana na utapata maumivu ya kichwa. Chagua nyingine, hata kama ni ya modeli ileile. Mwenye miwani akunje vikombe vya macho na ajaribu akiwa na miwani yake. Maelezo yawe na nafasi ya jicho (eye relief), yaani umbali wa jicho na lenzi ambao bado unaona uwanja wote, ya milimita 16 au zaidi, la sivyo ataona tundu badala ya uwanja.

Za mtumba zisidharauliwe. Huku pwani huingia za mabaharia na za wageni waliohama, na Porro ya zamani ya Carl Zeiss Jena yenye vioo safi bado inaona vizuri. Washa tochi ya simu upande mmoja, uchungulie upande wa pili: mavumbi machache si neno, nyuzi za kuvu ni sababu ya kuiacha, hata bei ikishushwa vipi.

Ukishainunua, ukirudi baharini na ni ya kuzibwa, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Puliza mchanga kabla ya kugusa kioo, kisha futa kwa kitambaa laini cha miwani. Pindo la shati au la leso lenye chembe za mchanga hukwaruza utando ambao ndio ulioulipia. Ikauke kabisa kabla ya kufungiwa, ikae na vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu, na isiachwe kwenye dashibodi ya gari. Na itoe nje mara kwa mara, maana kuvu hupenda kilichosahauliwa kabatini.